Niliona, Sikuandika

Bweni la Wasichana, Chumba cha Nane
9 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwiko wako wa uashi mkononi, na Mama mzima na kelele zake. Mimi mwili hauna neno. Chakula nakula, usingizi napata, kile kikohozi kimeisha. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe unajibu "vizuri" kwa kila kitu, hata nikikuambia nimeibiwa.

Baba, nimeanguka mtihani wa kwanza wa vitendo. Nikueleze ulivyo. Tunaingia maabara, tunapewa vioo arobaini. Kila kioo kina tone la damu ya mtu, limepakwa rangi. Unakiweka chini ya hadubini, unatafuta vimelea vya malaria, unaandika "vimo" au "havimo". Mpaka hapo sina shida. Shida ni kwamba kando ya kila jibu lazima uandike namba, kuanzia moja hadi kumi, kuonyesha una uhakika kiasi gani. Ukipatia, unapewa alama sawa na namba uliyoandika. Ukikosea, unakatwa hiyo hiyo. Mtindo huu kauleta mkuu wa maabara, mama mmoja mfupi anayetembea utadhani kila anakokwenda amechelewa. Anasema daktari akiuliza mtoto ana malaria au hana, hawezi kumpa mtoto dawa ya "labda".

Nilipatia vioo thelathini na nane, Baba. Darasa zima hakuna aliyenifikia. Lakini kila kioo nilijiandikia mbili, nikaishia na alama sabini na mbili. Kufaulu ni mia mbili na arobaini. Mwenzangu wa chumbani alikosea vioo saba, akapata mia mbili na sitini, maana yeye hujiandikia kumi hata akiwa anapiga miayo. Tunamwita Kumi. Jina limemkaa, anaitika.

Mitihani iko mitatu. Ukianguka yote, unafungasha virago. Imebaki wa Machi na wa Juni, na mimi nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo. Kioo nakiona vizuri kabisa. Ila kalamu ikifika kwenye namba, mkono unakufa ganzi, nasikia kama mtu ananiuliza: wewe nani mpaka uwe na hakika?

Wewe umekuwa fundi mwashi kwa miaka thelathini. Unajuaje kwamba ukuta umenyooka? Na lingine, naomba usinicheke: nilipokuwa mdogo, nilikuwa mtoto mwenye akili?

Mimi mwanao,
Kifungua mimba


Nyumbani
21 Februari

Mwanangu Kifungua mimba,

Marahaba, marahaba sana. Sisi huku wazima. Mama yako kiuno kinamsumbua lakini mdomo uko salama. Mimi niko kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu, yule anayebadilisha mawazo kila asubuhi. Dirisha moja nimelihamisha mara tatu. Mara ya nne nitamwambia alibebe mwenyewe.

Barua yako nimeisoma, nikamsomea Mama yako, akaisoma tena mwenyewe kana kwamba mimi nimeruka mistari. Unauliza najuaje ukuta umenyooka. Timazi, mwanangu. Kamba yenye kipande cha chuma mwishoni. Unaininginiza, unatazama. Kamba haina upendeleo wala haibembelezi mtu.

Kuhusu hizo namba, sikiliza mzee wako. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Je, akijisifu mwenyewe? Huyo Kumi wenu ni debe tupu, mwache avume. Mtu hajipi kumi. Kumi hupewa na watu. Kama mbili inakuelemea, andika moja, uwe na amani. Mwalimu mwenye macho ataona kwamba huyu ana adabu na kazi yake ni safi, atakuongezea mwenyewe. Mimi sijawahi kumwambia tajiri yeyote kwamba mimi ni fundi mzuri, na mpaka leo silali njaa.

Hilo swali lako la pili si la barua. Ukija tutaongea.

Kula, usikonde. Mama yako anakusalimu na anasema ana lake la kusema, lakini karatasi imeisha.

Baba yako,
Mzee wa mwiko


Chumba cha Nane
2 Aprili

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Hamjambo huko? Kiuno cha Mama kinaendeleaje? Mimi sijambo kwa kusema tu.

Nilifuata ushauri wako. Vioo arobaini, nikajiandikia moja kila mahali. Nilipatia thelathini na tisa. Alama zangu ni thelathini na nane. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kupata alama chache hivyo, na hakuna aliyewahi kupatia vioo vingi hivyo. Wamebandika matokeo ubaoni na watu wanapita wakitazama jina langu kama wanatazama mbuzi wa miguu mitano.

Mkuu wa maabara aliniita. Nilidhani ataniongezea, kama ulivyosema. Aliniuliza kwa nini namtukana. Nikamwambia, "Mama, simtukani mtu." Akanitupia karatasi yangu mezani.

"Vioo thelathini na tisa umepatia, na kila kioo umeniambia hujui. Mwongo nani hapa, jicho lako au kalamu yako?"

Nikalia mbele yake kama mtoto wa chekechea. Akanipa pamba ya maabara nijifute, akasema nimebakiwa na mtihani mmoja, na kwamba Jumatatu tunaanza kazi hospitali, kwenye damu za watu walio hai.

Baba, naogopa. Usiniandikie methali. Niandikie jibu la swali langu la pili, ulilolikwepa. Nilikuwa na akili au sikuwa nayo? Kama sikuwa nayo niambie tu, nitapumzika. Mtu akijua hafai, anajua pa kwenda.

Mwanao,
Kifungua mimba


Chumba cha Nane
6 Mei

Baba,

Shikamoo. Mwezi mzima na siku nne sijapata hata mstari. Nilipiga simu, Mama akasema uko kazini. Nilipiga Jumapili, akasema uko kazini. Mwashi gani anajenga Jumapili? Kama nimekukosea nisamehe. Sina nguvu ya kuulizia afya, namwomba Mungu muwe wazima.

Limetokea jambo. Naliandika mara moja tu, sitalirudia.

Hospitali kila kioo husomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuambiana. Wakitofautiana, husoma wa tatu. Ndivyo sheria ilivyo, na ni sheria nzuri. Tarehe ishirini na tisa mtaalamu mmoja aliumwa, foleni ikafika nje ya geti, mimi na Kumi tukawekwa kwenye hadubini mbili zilizo karibu. Kikaja kioo cha mtoto wa miaka minne. Nikaona. Baba, niliona. Vimelea vitatu, vidogo kama nukta ya kalamu, vimekaa ndani ya chembe za damu pale pale vinapokaa siku zote. Nikashika kalamu niandike "vimo", na mkono ukafa ganzi. Nikaona bora nimwonyeshe mwenzangu kwanza, sheria inayokataza nikaisahau. Kumi akachungulia, hata sekunde tano hazikufika, akasema, "Hiyo ni takataka ya rangi. Nakuhakikishia." Akacheka. Nikaandika "havimo". Naye kioo kilipomfikia akaandika "havimo". Kwa kuwa tulikubaliana, wa tatu hakukisoma.

Mtoto alirudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi. Siku ya tatu mama yake alimrudisha mbio amembeba mikononi, mtoto anatikisika mwili mzima. Mkuu wa maabara akakitoa kile kioo kabatini, akakisoma amesimama, hakukaa hata. Akauliza nani aliona. Nikasema mimi niliona. Akauliza, "Mbona hukuandika?" Watu wote wakanitazama. Na sasa kila nikifumba macho nauona mkono wa mama yule, alivyomshika mtoto kichwa kisigonge mlango.

Mtoto bado hajaamka. Wamemhamishia hospitali kubwa.

Kumi naye analala kageukia ukuta. Jana nilimsikia akisema, sijui ananiambia mimi au anajiambia, kwamba kwao tangu utotoni kila alichofanya walipiga makofi, hata alipochora nyumba isiyo na mlango.

Mimi kwetu nilifundishwa tofauti, na nakumbuka siku yenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na moja, tulikuwa tunajenga jiko la nyuma. Ulikwenda kula, nikapanga kozi tatu za tofali, mstari juu ya mstari, peke yangu. Nikaona ukuta umenyooka. Ukarudi, ukasema umepinda, ukaubomoa kwa mguu. Nikasema, "Lakini Baba, mimi naona umenyooka." Ukaniambia, "Jicho lako linakudanganya. Usiliamini." Ulisema kweli, Baba. Ningelisikiliza neno lako nisingekuja kusoma kazi ya macho.

Nimeandika barua ya kuacha chuo. Naipeleka Ijumaa tarehe ishirini na mbili. Nitarudi nyumbani. Nitauza vitumbua, nitafua nguo za watu, nitafanya kazi yoyote ambayo nikikosea hatikisiki mtoto.

Mwanao


Nyumbani
15 Mei

Mwanangu,

Mama yako hajambo. Mimi sijambo. Salamu nyingine nitakusalimu siku nyingine.

Usipeleke hiyo barua. Nakuomba kwa magoti, na unajua magoti yangu yalivyo, usipeleke.

Sikuwa kazini Jumapili. Nilikuwa chumbani, nakusikia kwenye simu ya Mama yako. Tangu uandike Aprili nilikaa na karatasi mezani kila jioni, nikiandika "mwanangu" halafu basi. Jana barua yako ya mwezi huu ilipofika, Mama yako aliisoma, akaiweka mbele yangu, akasema, "Miaka minane nimenyamaza kwa heshima yako. Mwandikie leo, au nitamwandikia mimi, na mimi sitachagua maneno." Alikuwepo siku ile ya jiko. Alikuwa dirishani.

Ule ukuta ulikuwa umenyooka.

Nilirudi kutoka kula na mafundi wenzangu wawili. Walisimama wakautazama, wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mzee, umepata mrithi. Huyu akifika kumi na tano, sisi wote tutamkorogea saruji." Wakaenda zao. Nikatoa timazi, nikaininginiza. Kozi ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, sawa. Nikageuza upande wa pili, sawa. Wewe ulikuwa umeenda kuteka maji. Nikaitia timazi mfukoni. Uliporudi nikakwambia umepinda, nikaupiga teke kabla udongo haujakauka.

Miaka yote nimejiambia nilifanya vile usije ukavimba kichwa. Nimelisema hilo mpaka kwenye vikao vya harusi, watu wakanisifu kwa malezi. Ni uongo, mwanangu. Mimi kozi tatu zilizonyooka kwa jicho nilizipanga nina miaka ishirini na mbili, baada ya kupigwa na mwiko kichwani na fundi wangu kila siku. Wewe ulizipanga mchana mmoja, mimi nikila. Nilikuonea wivu. Mtu mzima mwenye ndevu alimwonea wivu mtoto wake mwenyewe, na akamnyang'anya macho yake ili yeye aonekane fundi.

Hukushika tofali tena. Niliona, na nikafurahi kwamba kumetulia.

Yaliyompata yule mtoto ni kosa langu pia. Sisemi hivyo kukufariji. Kama kuna mahali pa kwenda kusimama na kusema hivyo, niambie nipande gari nije nisimame.

Uliuliza ulikuwa na akili. Ulikuwa nayo kuliko mimi na kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Jicho lako ni zima. Liamini.

Barua hii nampa mke wa jirani anayesafiri kesho, nimemsihi akupe mkononi. Mungu aifikishe kabla ya Ijumaa.

Baba yako


Chumba cha Nane
30 Mei

Baba,

Shikamoo. Mama namshika miguu.

Barua yako haikuwahi. Yule mke wa jirani aliugua njiani, akaileta Jumatano ya tarehe ishirini na saba. Ile yangu ya kuacha chuo nilishaipeleka Ijumaa, kama nilivyosema.

Mkuu wa maabara aliisoma mbele yangu amesimama. Niliandika humo kwamba sina uwezo wa kazi hii, nina hakika. Akalipiga lile neno "hakika" kidole.

"Vioo themanini hukuwa na hakika, leo ndiyo umepata? Hujiamini kwa chochote, lakini ukisema hufai unajiamini kumi kwa kumi. Nani kakupa haki ya kujipima upande mmoja?"

Hakuisaini. Aliichana vipande viwili, akanirudishia, akasema nikiitaka niishone. Mtihani ni tarehe kumi na mbili Juni.

Mtoto ameamka. Wamemrudisha kwao. Anakula, anaongea, ila mkono wa kushoto haushiki kitu. Huenda utarudi, huenda hautarudi. Nilikwenda kwao kuomba radhi. Mama yake alinisikiliza mpaka mwisho, akanifungulia mlango nitoke. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nilidhani nikiisoma nitapona. Nilikaa nikingoja nipone. Badala yake nilipatwa na hasira mpaka meno yakagongana, nikaogopa, maana sijawahi kukukasirikia. Halafu nikaona jambo baya zaidi. Miaka minane ukuta wangu ulipinda kwa sababu Baba alisema umepinda. Sasa umenyooka kwa sababu Baba amesema umenyooka. Mimi mwenyewe niko wapi? Tofali zenyewe hazipo tena nikazitazame. Unaniambia nianze kuliamini jicho langu, na nikiliamini kwa sababu umeniambia, bado natumia lako.

Kwa hiyo nakuomba kitu ambacho mtoto hamwombi mzazi. Usiniandikie mpaka nifanye mtihani. Usinipigie. Usimtume Mama aniambie kwamba unaniombea. Nikianguka, nataka nianguke mimi.

Mwanao


Chumba cha Nane
4 Julai

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima wote wawili na kiuno kimetulia. Asante kwa kunyamaza. Najua haikuwa rahisi. Mama aliniambia ulifungia simu kabatini na ufunguo ukampa yeye.

Nimekosea vioo vitano. Sijawahi kukosea vitano maishani. Kimoja nilikiandikia tisa, Baba, nikakosea, na nikakatwa tisa. Vingine nilijiandikia saba, nane, kimoja nne kwa sababu kweli kilikuwa cha nne. Mkono ulikufa ganzi mara zote arobaini. Nilikuwa naandika ukiwa umekufa ganzi vivyo hivyo. Nimepata mia mbili hamsini na moja. Nimebaki chuoni.

Kumi ameanguka. Sasa anajiandikia tano kila mahali, kioo kilicho wazi na kisicho wazi. Usimwite debe tena. Analia sana, na mimi ndiye ninayekaa naye.

Usinipongeze. Nasema kweli. Likizo hii sitakuja, nimeomba nibaki hospitali. Nakupenda, na nina hasira na wewe, na vyote viwili vinakaa kitanda kimoja na mimi. Sijui hasira itaisha lini. Nikijua nitakwambia.

Lakini sitaki tukatane. Niandikie. Niandikie habari za kazi, za mwalimu mstaafu na madirisha yake, za mvua, za Mama. Ila kitu kimoja nakukataza: usiniandikie nilivyo. Usiseme nina akili, usiseme sina. Usiseme jicho langu hivi au vile. Kwa sifa au kwa lawama, usinipime. Kama huwezi, usiandike kabisa, nitaelewa.

Mwanao,
Kifungua mimba


Nyumbani
19 Julai

Mwanangu Kifungua mimba,

Marahaba. Tu wazima. Barua yako imefika na tumeisoma sote wawili.

Mvua imekata. Mwalimu mstaafu ameamua hataki dirisha kabisa upande ule, anataka mlango. Nimeuweka. Jana akaja na kiti, akakaa katikati ya mlango akitazama nje, akasema ndivyo alivyokuwa anataka tangu mwanzo. Nilikusanya vifaa vyangu nikaondoka.

Mama yako kiuno kimepoa. Jirani amemwoza binti yake wa mwisho, tukala tukashiba. Paa la choo lilivuja, nimeliziba. Paka wa Mama yako amezaa wanne, mmoja ana mkia mfupi. Saruji imekuwa nzito siku hizi, au labda ni mikono yangu, kwa hiyo nimechukua msaidizi. Binti wa fundi mmoja wa mabomba. Ana miaka kumi na mitatu na anauliza maswali mengi. Juzi alipanga kozi mbili akaniuliza zimekaaje. Nikampa timazi aangalie mwenyewe, nikaenda kunywa maji.

Habari zetu ndizo hizo. Mama yako anasema barua ni kavu. Nimemwambia ndivyo ilivyoagizwa.

Hii ni barua ya nne kukuandikia. Zile tatu za mwanzo Mama yako alizisoma akawashia jiko. Hii ameisoma mara mbili akitafuta kosa, akasema, "Hii sasa peleka." Basi naipeleka posta mwenyewe kwa miguu.

Baba yako